Uta ukiuzwa, uuzwe na habari zake

Kwa Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji mwenzangu aliyetulaumu sisi watu wa Pwani kwa kuuza vitu vya wazee wetu, akatufananisha na mtu anayeng'oa makuti ya paa lake ili apate ya kuwashia moto. Barua ilikuwa nzuri na mfano ule ulinichoma, kwa sababu mimi ni mmoja wa hao anaowasema. Tangu mwaka 2022 hadi mwaka jana nimeuza nyuta saba katika kumi na moja nilizokuwa nazo, pamoja na mapodo matatu, ile mifuko ya kutilia mishale, na mishale ambayo sikuihesabu, na huko kutoihesabu ndiko kulikonifanya nishike kalamu. Siandiki kujitetea. Niliuza, na hali ile ikinirudia kesho nitauza tena. Ninalotaka kusema ni kwamba niliuza vibaya, kwamba wengi wetu hapa Malindi tunauza vibaya, na kwamba kosa letu haliko pale msomaji mwenzangu alipolitafuta.

Nieleze kwanza vitu vyenyewe. Baba yangu alikuwa mfuata nyayo wa wawindaji waliokuwa wakipiga kambi kandokando ya mto Galana, ule ule ambao ukikaribia kwetu tunauita Sabaki. Mama yake alitoka kwa Waata, watu ambao kabla ya mbuga ya Tsavo kutengwa mwaka 1948 walikuwa wakiwinda ndovu katika nyika ile kwa uta na mshale wa uchungu, yaani sumu, na ambao katika miaka ya 1950 walisakwa, wakakamatwa na kufungwa kwa ajili ya kazi hiyo hiyo iliyowalisha babu zao. Baadhi yao walipotoka jela waliajiriwa kuwaongoza wawindaji wa kizungu, kwa kuwa hakuna aliyeisoma nyika ile kuwapita. Baba alirithi nyuta tatu kwa mjomba wake, aliyezichonga kwa mkono wake mwenyewe. Nyingine nilizinunua mimi mwenyewe kidogo kidogo wakati nilipokuwa na mshahara, moja Marafa, mbili njia ya Sala, nyingine kwa majirani waliokuwa wakihama na hawakujua wazipeleke wapi.

Asiyewahi kuushika uta wa Waata huenda akadhani ni kile kijiti cha kuwindia ndege tulichochezea utotoni. Ni uta mrefu, unamfikia mtu mzima mabegani au kumzidi, na kuuvuta mpaka mwisho kunataka nguvu ya kuinua ratili mia moja na zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani mmoja aliyekuja na bunduki zake alileta pia uta wa kwao wa kuchezea shabaha kambini jioni. Baba alikuwa akisimulia kisa hiki kila Idi, nasi tulikuwa tukicheka mahali pale pale. Yule mgeni aliuomba uta wa baba aujaribu, akauinua, akavuta, na upote, ile kamba ya uta, ukakataa kutoka kifuani pake. Akajaribu mara ya pili kwa kukanyaga gogo, uso ukaiva mwekundu, akauweka chini kwa adabu na kuuliza kama pana ujanja wowote aliofichwa. Siku ya kuondoka walibadilishana. Uta mmoja wa mjomba ukaenda Marekani, na ule wa Mmarekani ukabaki kwetu, ukatundikwa ukutani sebuleni chini ya saa.

Serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, baba alikosa kazi siku moja na wenzake wote. Hakuuza uta hata mmoja. Zamani nilikuwa nikilitaja jambo hili kwa fahari, mpaka mke wangu aliponikumbusha kwamba baba alikuwa na mbuzi wa kuuza na shamba la kulima, ilhali mimi nina chumba na sebule Shella na mita ya stima.

Mimi nilikuwa mtunza stoo katika hoteli moja ya ufuoni kwa miaka 26. Wanaoijua kazi ile wanajua kwamba stoo ni daftari. Kila shuka, kila uma, kila chupa ya mafuta iliyoingia niliiandika siku ilipoingia, ilikotoka, na aliyeichukua, na kila mwisho wa mwezi nilihesabu vijiko nikiwa nimepiga magoti. Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zilipokatizwa, hoteli ilifunga milango, na kiinua mgongo changu hadi leo kinazungumzwa. Kulikuwa na akiba kidogo. Ikafuata televisheni, ikafuata jokofu, ikafuata baiskeli ya mjukuu. Mwaka 2022, pakiti ya unga ya kilo mbili ilipopita shilingi 200 na mjukuu huyo huyo akawa amefukuzwa shule kwa karo, niliinua macho nikatazama ukutani.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji mwenzangu anielewe. Mtu haanzi na vitu vya baba yake. Anaanza na vitu vya dukani, na vya baba vinakuja mwisho, saa ambayo hana tena nafasi ya kuchagua mnunuzi wala kungoja msimu. Tena msimu wenyewe huwa si wake: karo hudaiwa Mei, katikati ya mvua, wakati ambapo wageni hawapo mjini na mwenye fedha ni dalali peke yake.

Nilikwenda kwa mwenye duka mmoja wa vinyago, ambaye sitamtaja. Nilimpelekea uta mmoja katika ile ya mjomba, podo lake la ngozi lenye kifuniko, na mishale iliyokuwamo. Alinipokea vizuri, akaniletea kiti na soda. Akauchukua uta akaukunja kinyume, upande usiokunjwa, ili aone kama una nguvu, nami nikajikuta nimenyoosha mikono kama mtu anayetaka kumdaka mtoto. Baba alitufunza tangu wadogo kwamba uta hauachwi umefungwa upote usiku kucha, hausimamishwi kwenye pembe ya nyumba bali hulazwa juu ya misumari miwili, na hupakwa mafuta ya mbarika kabla ya kaskazi kukausha mti. Yote hayo sikuyasema. Nilikuwa nikifikiria risiti ya shule.

"Mzee wangu, siku hizi vitu hivi havitoki," akaniambia. "Wageni wanataka vitu vyepesi vinavyoingia kwenye mkoba. Nitakusaidia tu kwa sababu ya heshima yako."

Msaada wake ulikuwa shilingi 4,500 kwa vyote. Nikapokea. Hakuniuliza uta umetoka wapi, umechongwa na nani, wala alama iliyo kwenye mishale ni ya nani, na mimi sikumwambia, kwa kuwa nilitaka kuondoka pale upesi.

Miezi kadhaa baadaye nilipita mbele ya duka lile Desemba, wageni wakiwa wamejaa, nikauona uta wetu dirishani. Podo halikuwa nalo. Lilikuwa limewekwa rafu nyingine na kuuzwa peke yake, na mishale imepangwa mitatu mitatu katika vifungu vya utepe mwekundu. Chini ya uta palikuwa na kadi iliyosema kwamba huo ni uta uliopigana vita vya Mekatilili mwaka 1914, bei shilingi 38,000. Mhariri, mjomba wa baba aliuchonga uta ule baada ya vita vikuu vya pili. Mekatilili wa Menza tunamheshimu wote, na vita vya Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1914 ni kweli tupu, lakini kama kila uta unaouzwa Malindi kwa jina lake ungekuwapo siku hiyo, nadhani Waingereza wangerudi melini mapema. Nilicheka mwenyewe njiani, kisha kicheko kikaisha nilipofika kwenye kituo cha tuktuk nikatambua kwamba sina la kumjibu mtu yule. Ningeingia dukani nikasema uta huu si wa 1914, ningeonyesha nini? Sikuwa na picha, sikuwa na maandishi, sikuwa hata na kipimo cha urefu wake. Mimi, mtunza stoo wa miaka 26, niliyeandika kila kijiko cha watu wengine.

Bei haikuniuma sana kama watu watakavyodhani. Mwenye duka ana kodi ya kulipa na miezi yake mikavu. Kilichoniuma ni kwamba uta ule umekwisha kuwa uta mwingine, na ule wa mjomba haupo tena popote, hata ukiwa mzima.

Jambo lililonifumbua macho zaidi ni mauzo ya uta wa Mmarekani. Huo niliuuza mwaka uliofuata kwa Mwitaliano mmoja mzee anayeishi hapa mjini, mtu ambaye kijana wa jirani yangu humfanyia kazi ya bustani. Alipouona tu alivaa miwani akautazama upande wa ndani, chini ya mshikio, akasoma jina la kiwanda, Bear, na jina la mji, Grayling, Michigan, pamoja na uzito wa kuuvuta ulioandikwa kwa mkono. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha sokoni, na baadaye mjukuu wangu akanithibitishia kwa simu yake, kwamba kiwanda hicho kilianzishwa na Fred Bear huko Detroit mwaka 1933, kikahamia Grayling mwaka 1947, na mwaka 1978 kikahamia Florida. Kwa hiyo uta ulioandikwa Grayling una umri wake juu yake. Hatukubishana. Akanilipa shilingi 27,000, akaomba nimsimulie kisa cha yule mgeni na baba, akakiandika kwenye karatasi, akakitia katika mfuko pamoja na uta. Akasema bila karatasi ile angenilipa 20,000.

Nikakaa nikapiga hesabu. Uta wa kiwandani, uliotengenezwa na mashine pamoja na mamia ya ndugu zake, nimeuuza mara sita ya uta uliochongwa na mtu mmoja kwa shoka na kisu kutoka katika mti aliouchagua mwenyewe, ambao hauna pacha duniani. Ubora haukuwa na neno hapo. Uta wa Grayling ulikuja na maandishi yake, na wa mjomba ulikuwa bubu kwa sababu mimi niliyejua habari zake sikuziandika.

Tena si kwamba mishale yetu haina maandishi kabisa. Mshale wa Waata una vipande vitatu: wano, yaani ufito wa mshale, lenye manyoya nyuma, kijiti chembamba kinachochomekwa mbele yake, na kigumba cha chuma. Uchungu hupakwa nyuma ya kigumba, kisha huzungushiwa utepe wa ngozi laini ili jua na umande visiuharibu, na pia ili mwenye mshale asijichome. Sasa ukiitazama mishale ya baba kwa karibu, karibu na manyoya utaona mikwaruzo midogo ya kisu. Hiyo ni alama ya mwenyewe. Mnyama aliyepigwa huweza kukimbia mbali akaangukia mbele ya watu wengine, na alama ndiyo iliyosema nyama ni ya nani. Mishale ya mjomba ilikuwa na mikwaruzo miwili iliyolala na mmoja uliosimama. Yule mwenye duka alipoipanga mitatu mitatu katika utepe mwekundu aliichanganya na mishale ya watu wengine, na nilipoitazama dirishani niliona alama mbili tofauti katika kifungu kimoja.

Huenda msomaji akasema hayo ni mambo ya watu wanaopenda vitu vya kale, na maskini hana haja nayo. Namkumbusha habari ya vigango, ile milingoti ya kuchongwa ambayo Wamijikenda huwasimamishia wafu wao. Sote tunajua jinsi vigango vilivyong'olewa makaburini na katika makaya, misitu mitakatifu ya wazee, vikauzwa hapa Pwani na kuishia katika nyumba na makavazi ya ng'ambo. Viwili kati ya hivyo vilirudi mwaka 2007, kwa familia iliyoibiwa, na sababu ya kurudi kwao ni picha. Mtafiti mmoja kutoka Marekani alimpiga mzee mwenye vigango hivyo picha akiwa amesimama navyo mwaka 1985, muda mfupi kabla havijaibiwa, na miaka kumi na minne baadaye akakiona kimoja kati ya vile vile katika mkusanyiko wa makavazi ya kwao. Kama si picha ile, kigango kingekuwa kipande cha mti kutoka Afrika. Simaanishi kwamba uta ni sawa na kigango; kigango ni mtu aliyekufa, hakiuzwi na wala hakikupaswa kuuzwa, na uta ni chombo cha kazi ambacho mwenyewe ana haki ya kukiuza. Lakini picha moja ilifanya kazi ambayo machozi ya miaka hayakuifanya.

Kuna mambo mawili ambayo wanaotaka kuuza wanapaswa kuyajua, nami niliyajua kwa kuchelewa. La kwanza ni upote. Uta wa zamani wa Waata huwa na upote uliosokotwa kwa kano, na wa kwetu ulikuwa wa kano za twiga. Chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, kuwa na sehemu ya mnyama wa porini bila kibali, au kuiuza, ni kosa lenye adhabu kubwa, na sheria haiulizi kama twiga huyo alikufa kabla wewe hujazaliwa. Manyoya ya tumbusi kwenye mshale yanaingia humo humo. Namshauri kila mtu aende kuuliza kwa maafisa wa wanyamapori kabla ya kuuza, si baada. Mimi nyuta zangu zilizobaki nimezifunga, kila mmoja, upote wa katani, na mnunuzi mmoja aliyesisitiza anataka upote wa asili nilimwambia aende salama.

La pili ni ule uchungu wenyewe. Hutengenezwa kwa kuchemsha vipande vya mti wa msunguti mpaka vitoe kitu kizito cheusi kama lami, na sumu yake husimamisha moyo. Mtu asidanganywe na umri wa mshale wala asidhani kwamba ukikauka umekufa. Nimemwona kijana ufuoni akimwonyesha mgeni ukali wa kigumba kwa kukigusisha kwenye kidole gumba chake, na kigumba kile bado kilikuwa na ganda jeusi. Nilipiga kelele mpaka watu wakageuka.

Kuhusu sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006, ambayo msomaji mwenzangu aliitaja akidhani inatukataza kuuza kila kitu cha kale, ni vyema tuisome ilivyo. Vitu vinavyohesabiwa kuwa vya kale chini yake ni vile vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na hivyo havitoki nje ya nchi bila kibali. Milango ya nakshi imewekewa mstari wake peke yake, kabla ya mwaka 1946, jambo ambalo watu wa Lamu wanalijua vizuri, na ndiyo maana mlango wa Lamu ukitaka kupanda meli huulizwa karatasi zake. Uta haukutajwa kwa jina. Uta uliochongwa mwaka 1914, hata ukiwa ulipigana vita kweli, umechelewa miaka kumi na tisa. Sisemi sheria ibadilishwe, maana sijui ni nani angeipeleka bungeni na nauli ya Nairobi sina. Nasema tu kwamba tusingoje sheria itufanyie kazi ambayo sisi wenyewe tunaweza kuifanya kabla ya chai ya jioni.

Uta wa nane sikuuuza, nao nataka kuueleza kwa sababu huenda ukamfaa mtu. Nina shemeji yangu Lamu, fundi wa nakshi, ambaye kazi yake hupanda na kushuka lakini haikauki. Mwaka jana nilipokwama tena nilimwendea nikamwambia, "Shemeji, sikuombi mkopo, maana najua nitashindwa kukutazama usoni. Chukua uta huu uwe rehani." Tukakaa barazani kwake, tukaandika karatasi mbili: uta una futi tano na inchi saba, una ufa mdogo wa urefu wa ukucha karibu na ncha ya juu, umechongwa na mjomba wa baba, umewekwa kwa shilingi 15,000, utakombolewa Maulidi ijayo, na ukipita muda huo atanipa miezi mingine sita kabla ya kuwa wake. Yeye akatia sahihi, mimi nikatia, na imamu jirani yake akashuhudia. Sasa uta umetundikwa sebuleni kwake juu ya misumari miwili, na kila mgeni anayeingia humuuliza kama ni uta wa Fumo Liyongo. Shemeji hujibu kwamba uta wa Liyongo ulibaki mkononi mwa mwenyewe, naye amepiga magoti karibu na kisima hali ameshakufa, na watu wakaogopa kumkaribia kwa siku kadhaa kwa kudhani bado analenga. Huu ni wa mtu wa Galana ambaye hakutungiwa utenzi. Nimefurahi kwamba anajibu hivyo. Angetaka kumdanganya mgeni, Lamu yote ingemsaidia.

Si kila mtu ana shemeji wa namna hiyo. Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, naliweka mbele ya wale wanaosimamia makavazi yetu hapa Malindi, pale karibu na ufuo, na mbele ya idara ya utamaduni ya kaunti, nao walipokee kama ombi la mtu anayejua kazi ya stoo. Wafungue daftari moja. Mtu anayetaka kuuza uta, podo, ngoma, kiti cha enzi au chochote cha wazee wake aje nacho, kipimwe urefu, kipigwe picha pande zote pamoja na alama zake, na yeye aulizwe maswali machache: kilitengenezwa na nani, wapi, kilikuwa cha nani, kilifikaje kwako. Ayajibu kwa lugha yake, Kigiriama au Kiswahili au Kiwaata, na asiyejua aandikiwe kwamba hajui. Apewe nakala yenye muhuri aende nayo sokoni. Asizuiwe kuuza, asitishwe, asitozwe ada, na asihubiriwe, maana akihubiriwa mara moja hatarudi na jirani yake hataenda. Makavazi hayatakuwa na uta, lakini yatakuwa na habari zake. Mwenye kuuza atakuwa na karatasi ya kumwonyesha mnunuzi, na mwenye duka atapata shida kidogo kuandika 1914.

Najua nitaambiwa kwamba wadanganyifu nao watakuja na vitu vyao vilivyopakwa rangi ya viatu na kufukizwa moshi jikoni ili vionekane vya kale. Watakuja. Stoo niliyoitunza nayo ilikuwa na wezi, na sikuwahi kusikia mtu akisema kwa sababu hiyo daftari litupwe. Mwongo akishaandika uongo wake kwa jina lake na tarehe, ni rahisi kumshika kuliko akiusema mdomoni.

Kwa upande wangu nimeanza na nilivyobaki navyo. Nimenunua daftari la kurasa 96, na kila Ijumaa baada ya sala mjukuu wangu hupiga picha kwa simu, mimi nikapima kwa futi kamba ya fundi cherehani jirani, mke wangu akasahihisha ninapokosea, kwa sababu kumbe mambo mengi ya baba aliyasikia yeye jikoni nisiyoyasikia mimi sebuleni. Yeye ndiye aliyenikumbusha kwamba uta mfupi kuliko yote haukuchongwa na mjomba bali na baba mwenyewe akijifunza, na ndiyo maana umepinda upande mmoja. Huo hautauzwa, na yeye ameshaniarifu hivyo.

Umebaki mmoja unaonishinda. Niliununua Marafa mwaka 1994 kwa mama mmoja mzee aliyesema ni wa marehemu mumewe, pamoja na mishale mitano, nami kwa ujinga wa wakati ule sikumuuliza jina la mume wala la ukoo. Mama yule sasa amefariki, na watoto wake nimeambiwa walihamia upande wa mto Tana. Mishale yote mitano ina alama moja karibu na manyoya: mduara uliokatwa kuzunguka wano, na chini yake mikwaruzo mitatu iliyoinama upande wa kushoto, wa katikati mrefu kuliko miwili ya pembeni. Kama yupo msomaji wa Marafa, Magarini au pande za Tana aliyewahi kuiona alama hiyo kwa babu yake, au aliyesikia ni ya ukoo gani, naomba aandike kupitia gazeti hili. Katika daftari langu nimeacha nusu ukurasa wazi.

Mtunza stoo mstaafu,
Shella, Malindi